Gurudumu Lililokuwa Kwa Fundi

Nilipoolewa Ihembe, mume wangu hakuanza kunionyesha mahali pa kuchota maji wala mpaka wa kibanja chetu na cha jirani. Alianza kwa kunifundisha sentensi. Siku ya tatu baada ya harusi alinikalisha kitini, akaniambia kwamba mtu yeyote akija kuazima baiskeli wakati yeye hayupo, nimjibu: "Gurudumu la mbele liko kwa fundi." Akanitaka niirudie. Nikairudia. Akasema ni vizuri, ila niiseme polepole zaidi, tena kwa masikitiko.

Baiskeli yenyewe ilikuwa pale pale sebuleni, nyeusi, ya Kichina, imeegemezwa ukutani, foko yake ya mbele, ile panda ya kushikia gurudumu, imekanyaga kipande cha gogo. Gurudumu lilikuwa chini ya kitanda chetu. Usiku wa kwanza nililigonga kwa kisigino nikadhani ni mtego wa panya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Vita vilikuwa vimepita lakini uhaba ulikuwa haujapita, na tairi la baiskeli lilitafutwa kama dawa. Mume wangu alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha msingi, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Mtu wa aina hiyo anaheshimiwa, na anayeheshimiwa huombwa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kusema hapana. Nimemwona akimkubalia mtu aliyekuja kuomba jembe tulilokuwa tunalimia saa ile ile, akamkabidhi likiwa na udongo mbichi.

Kabla sijafika, baiskeli hiyo ilikuwa imekwisha kuteseka. Baba yake mdogo aliiazima kwenda msibani Nyakakika siku moja, ikarudi baada ya siku tisa ikiwa na kiti kingine. Jirani wa upande wa bondeni aliibebesha madumu ya rubisi mpaka ikanuka pombe, na mzee wa kanisa akafika ibadani akinuka vivyo hivyo. Ndipo akagundua dawa. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekesha akiomba: "Kumnyima mtu ni dhambi. Lakini baiskeli isiyo na gurudumu haimnyimi mtu. Yenyewe ndiyo haiendi."

Mimi nilizaliwa Bweranyange, baba yangu alikuwa mwinjilisti, na kwetu uongo ulitolewa mwilini kwa fimbo ya mbuni. Nikamuuliza kama hii sentensi si uongo. Akafikiri. Akasema gurudumu lilishawahi kwenda kwa fundi, mwaka juzi, kwa hiyo tunachofanya ni kuchelewa kusema kwamba limerudi.

Basi nikawa mlinzi wa sentensi. Godauni la kahawa halikuwa mbali, alikwenda kwa miguu. Baiskeli aliitumia Jumapili na zile siku mbili tatu za wiki alizopangiwa vituo vya mbali. Akitaka kuitumia alifunga mlango na madirisha, akavuta gurudumu uvunguni, akalifunga. Akirudi alifunga tena mlango na madirisha, akalifungua. Majirani walioona nyumba ya bibi na bwana harusi ikifungwa mchana kweupe mara sita saba kwa wiki walidhani tunapendana kupita kiasi. Wanawake kisimani walinitazama kwa huruma na wivu.

Na watu walikuja kweli. Walinisalimu, wakaniita omugole, yaani bibi harusi, jina ambalo kwetu huweza kukaa nawe mpaka upate wajukuu. Nikawapa kahawa ya kutafuna. Wakazungumza mvua, wakazungumza migomba, halafu wakaitazama baiskeli.

"Na gurudumu?"

"Liko kwa fundi."

"Pole."

"Ahsante."

Jumapili walimwona mume wangu akipita barabarani juu ya magurudumu mawili. Jumatatu nikawaambia moja liko kwa fundi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza limekwenda lini. Nilistaajabu jinsi watu wa Ihembe walivyo wepesi kudanganywa, nikawaonea huruma.

Mambo yaliendelea hivyo hadi msimu wa pili wa kahawa. Asubuhi moja nilikuwa uani naanua maharage, nikaona mzee mmoja anapanda njia ya kwetu, taratibu, begani ana mfuko wa turubai. Alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa mmoja tu pale senta, akifanya kazi barazani kwa duka lililofungwa. Wazazi wake walimleta kutoka Rwanda akiwa kijana, akaoa hapa, akapata kibanja kidogo pembezoni, na kwa ukoo hakuwa na mtu zaidi ya mkewe na wanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Bwana yupo?"

"Amekwenda kupima kahawa."

Aliketi kwenye kigoda. Kahawa nilizompa alizishika mkononi bila kuzitafuna. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua fundi hawezi kuja kuazima baiskeli. Akatazama ndani kupitia mlangoni, akaiona ile foko juu ya gogo.

"Mama," akasema, "nimesikia gurudumu lenu liko kwangu."

Nilikuwa na ungo wa maharage mapajani. Nikaanza kuyachambua ingawa nilikuwa nimekwisha kuyachambua.

"Nimelitafuta," akaendelea, bila ukali wowote. "Nimetafuta barazani, nimetafuta nyumbani, nimemuuliza mke wangu. Sijaliona. Nikasema labda nije, tulitafute pamoja."

Akaniambia yaliyomleta. Watu wa Nyakakika walikuwa wameacha kumpelekea baiskeli, sasa wanakwenda mpaka Kayanga. Wanasema yule mzee wa Ihembe amekaa na gurudumu la karani zaidi ya mwaka. Wengine wanasema analitengeneza, lakini kila wiki linarudi kwake, maana yake hajui kazi. Juzi mtu alimwuliza mbele ya wateja kama ameliuza.

"Mimi sikuja kugombana," akasema. "Kila nyumba na mambo yake. Ila jina langu ndilo shamba langu. Hapa sina lingine."

Nilisimama nikaingia chumbani. Nilipiga magoti, nikalivuta lile gurudumu kutoka uvunguni, nikatoka nalo mikononi likiwa na vumbi na buibui mmoja. Fundi alilitazama kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu aliyesemwa vibaya.

"Hili ndilo?"

"Ndilo, mzee. Na aliyekuwa akiwajibu watu ni mimi."

Fundi akalichukua, akalizungusha kwa kushika ncha za ekseli, akasikiliza. Akapitisha kidole kwenye nyuzi za nati, akatikisa kichwa.

"Hizi zimechoka. Hufunguliwa mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Nani hulifunga?"

"Mwenyewe."

"Siku moja litamwacha njiani," akasema, kama daktari asiye na haraka. "Njoo uone."

Akatoa kwenye mfuko nati mbili za zamani zilizokuwa nzima na spana ile ya kurekebisha, ambayo mafundi wameipa jina lisilotajwa mbele ya kina mama. Mume wangu aliiita "ile spana nyingine." Hata fundi alisita. "Nishikie hii," akasema tu.

Alinifundisha pale uani, na mpaka leo sijasahau hata hatua moja. Baiskeli ikageuzwa, ikakalia kiti na usukani. Ekseli ikaingizwa kwenye mifereji ya foko hadi ikagota mwisho, pande zote mbili. Washa, vile visahani vya chuma vinavyokaa chini ya nati, zikafuata, kisha nati, kwanza kwa vidole tu. Nikadhani tumemaliza, maana mume wangu hapo ndipo alipoishia siku za haraka.

"Bado," akasema fundi. "Sasa igeuze isimame. Uzito wake wenyewe uikalishe ekseli. Ndipo ukaze. Huku kidogo, kule kidogo. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, gurudumu linalala."

Nikakaza huku kidogo, kule kidogo. Akanionyesha kutazama ringi lipite katikati ya foko bila kugusa raba za breki. Mwisho akainyanyua baiskeli mbele, akalipiga gurudumu ngumi kwa juu, mara tatu.

"Hii usiiache. Likitaka kutoka, litoke hapa nyumbani, wewe umesimama."

Hakudai chochote. Alichukua mfuko wake, akazitia zile kahawa mdomoni sasa, akaondoka.

Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni akiitazama baiskeli iliyokamilika kama mtu aliyemkuta mgeni amelala kitandani kwake. Nikamweleza. Akaketi. Akauliza kama nimemwambia fundi kila kitu, nikasema sikuhitaji, gurudumu lenyewe lilitoka chumbani.

"Chumbani," akasema, akashika kichwa. Uongo haukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba mzee wa watu sasa anajua kilichoko chini ya kitanda chetu.

Alikiri kwamba fundi amedhulumiwa. Alikubali kwamba ni lazima jina la fundi lisafishwe, tena hadharani, lakini kwa utaratibu. Nikamwambia utaratibu ni kwenda senta kusema. Akasema hapana, atalitangaza kanisani, huko ndiko wanakosikiliza watu wengi. Hiyo "hapana" ilikuwa ya kwanza kuisikia kutoka kinywani mwake, na aliipata kwa ajili ya kukwepa.

Jumapili akasimama na karatasi ya matangazo. Alitangaza mkutano wa kina mama, akatangaza zamu ya usafi. Akakohoa. Akasema kijiji chetu kimebarikiwa kuwa na mafundi wazuri wa kila namna, waashi, maseremala na wengineo, na ni vyema tuwaunge mkono. Akaketi akijifuta jasho. Usharika ukasema amina. Fundi hakuwepo kusikia alivyosafishwa. Yeye alikuwa Mkatoliki.

Alasiri ile ile, tukiwa tumekaa, mume wangu alichungulia dirishani akamwona baba yake mdogo anakuja kati ya migomba. Nilimsihi aiache baiskeli ilivyo. Mkono ulikuwa umeshazoea. Baba mdogo alipopiga hodi, gurudumu lilikuwa uvunguni, mume wangu alikuwa akihema, na washa moja ilikuwa imebingirika pasipojulikana.

"Bado liko kwa fundi?" akauliza baba mdogo, akiketi.

Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama ukuta. "Bado," akasema mwenyewe.

Kesho yake alipangiwa kituo cha Nyakakika, na alichelewa. Akalivuta gurudumu, akalitia, akazungusha nati kwa vidole, akazigusa kwa spana jinsi mtu anavyoonja chumvi. Washa ile haikuonekana. Nikamwambia fundi alisema baiskeli isimamishwe kwanza ndipo ikazwe, na ipigwe ngumi.

"Nimeanza kuendesha baiskeli wewe hujui kujiosha," akanijibu. "Zitajikaza njiani."

Hazikujikaza. Kwenye mteremko, mahali maji ya mvua yalipokata barabara, baiskeli iliruka kidogo, na iliposhuka gurudumu la mbele lilikuwa limeamua kwenda peke yake. Walioona wanasema lilitangulia vizuri sana, wima, likampita bibi mmoja aliyebeba kuni, likaingia kwenye migomba. Foko ikachoma udongo. Mume wangu aliruka juu ya usukani, akatua kwa bega mbele ya watu waliokuwa wakipeleka kahawa yao kupimwa naye.

Akavunjika mfupa wa mtulinga, begani, na kupasuka mdomo. Walimbeba kwa machela mpaka hospitali, wakamfunga, na siku ya pili wakamleta nyumbani. Nilipomwona anaingizwa, uso umevimba, hasira yote niliyokuwa nimeitunza iliniishia. Nilimlisha uji kwa kijiko. Alilia kidogo, kwa maumivu na kwa aibu, na nikalia pia.

Watu wakaja kutoa pole. Sebule ilijaa. Baba mdogo aliketi karibu na kichwa cha mgonjwa, mama mkwe wangu mlangoni, majirani kwenye mikeka. Baiskeli walikuwa wameiegemeza mahali pake, na gurudumu juu yake, limepinda.

"Nani alikufungia hili gurudumu, mwanangu?" baba mdogo akauliza.

Mume wangu alifumba macho.

"Si unaona," baba mdogo akawaambia wengine. "Mwaka mzima yuko nalo, na bado analirudisha hivi. Huyu fundi atatuua."

Watu wakaguna. Mmoja akasema hata yeye alishaona kazi ya mzee yule si ya kuaminika. Mwingine akasema watu waliokuja tu huwezi kujua walijifunzia wapi. Nilimtazama mume wangu. Aliendelea kufumba macho, na najua hakuwa amelala kwa sababu kope zilikuwa zikicheza.

Bibi harusi hasemi mbele ya wakwe. Nilijua hilo. Niliweka bakuli la uji chini.

"Fundi hakulifunga," nikasema. "Alilifunga yeye mwenyewe, na washa moja haikuwepo. Halikuwa kwa fundi hata siku moja tangu nimeolewa. Lilikuwa chini ya kitanda."

Nilisubiri dunia ipasuke. Mama mkwe wangu akajisogeza, akapangusa pua kwa ncha ya kitenge.

"Chini ya kitanda, ndiyo," akasema. "Kabla hujaja lilikuwa darini, juu ya magunia ya kahawa. Mimi ndiye niliyemwambia panya watakula tairi."

Nikamgeukia baba mdogo. Akawa anachunguza kucha zake.

"Na wewe, baba, ulijua?"

"Nani asiyejua?" akajibu, kwa upole kabisa. "Jumapili lipo, Jumatatu halipo. Na majuzi nilipokuja niliona alama ya tairi sakafuni, inaingia chumbani."

"Kumbe mlikuwa mkija kuomba nini?"

"Tulikuwa tunajaribu. Siku nyingine mtu husahau kulitoa."

Wale wa kwenye mikeka wakatikisa vichwa kukubali. Ikaonekana kwamba mjinga wa Ihembe alikuwa mmoja tu, na alikuwa mimi. Waliyapokea maneno yangu ya uongo kwa adabu, kama mimi nilivyoyatoa, na adabu ilikuwa imetimia pande zote.

"Basi kwa nini mlimsema fundi?" nikauliza.

Baba mdogo alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa tungemsema nani? Huyu ni mtoto wetu."

Wageni wakanywa uji, wakasema pole tena, wakaondoka mmoja mmoja. Jioni ile mume wangu alifumbua macho akasema, "Nikipata nguvu nitakwenda senta." Nilikuwa nimechoka na sentensi zake.

Lakini alikwenda. Wiki ya tatu, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, tulitembea wote wawili mpaka barazani kwa fundi. Kulikuwa na watu wanne watano, wawili wao wa Nyakakika. Mume wangu alisema yote, kwa sauti, bila kukohoa: kwamba gurudumu halikuwa pale, kwamba alilificha mwenyewe, kwamba alilifunga vibaya mwenyewe na akanyamaza aliposingiziwa mwingine. Akaomba radhi. Sijawahi kumpenda kama siku ile, na sijamwambia.

Fundi alikuwa anabandika kiraka. Alikibonyeza mpaka kikashika, akapuliza.

"Nimesikia," akasema. "Na hawa wamesikia. Yameisha."

Mume wangu alifurahi, akasema basi kesho ataleta lile ringi lililopinda linyooshwe.

"Hapana, waitu," fundi akasema, kwa neno letu la heshima. "Baiskeli yenu sitaigusa. Nikiigusa, siku ikiharibika watasema ni mimi."

Alimaanisha. Miaka yote iliyofuata alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za watoto, hata akaniuzia nati na washa na kunieleza namna ya kuzitumia. Baiskeli hakuigusa. Wateja wa Nyakakika walirudi kwake, si wote. Ringi tulilipeleka Kayanga kwa miguu, na kazi nyingine zote nikazifanya mimi pale uani, mlango wazi, kwa sababu mtulinga wa mume wangu ulipona vibaya na mkono ule haukuweza tena kukaza kitu. Mwanzoni alitazama pembeni nikiwa na spana. Baadaye akawa ananishikia usukani.

Siku baba mdogo alipokuja tena, gurudumu lilikuwa mahali pake, nimelikaza, nimelipiga ngumi. Akatafuna kahawa. Akazungumza mvua. Akasema ana safari ya Nyakakika, ya siku moja tu. Mume wangu akaitazama baiskeli.

"Baba," akasema, "baiskeli ipo. Leo siwezi kukupa."

"Kwa nini? Ina nini?"

"Haina kitu. Sitaki tu."

Baba mdogo alimtazama kwa muda mrefu, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mume wangu kupima kama ana homa. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama vile watu wanavyomtazama mke aliyemharibu mtoto wa watu. Akachukua fimbo yake. Hakukanyaga tena kwetu mpaka msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Ulipofika, alileta kikapu kizima cha senene, akaketi, akasema utelezi wa njia ndio uliomchelewesha, na mimi nikaenda jikoni kuwakaanga.